Mahindi Sita Kwenye Shimo la Mawili

Kwenye kona moja ya mtaa wa La Rochelle, Joburg, mbele ya robot, taa ya kuongozea magari kwa lugha ya huku, ambayo haijawaka tangu baridi ya mwaka jana, kuna benchi refu la mbao lililokuwa la kanisa. Kanisa lilihamia mjini, ghorofa ya tatu, benchi likagoma kupinda kwenye ngazi, na Zubeda wa Tanga akaliwahi kabla halijawa kuni. Hapo anauza kahawa chungu kila siku: birika juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo kwenye ndoo ya maji, kashata kwenye kopo. Jina lake la kijiweni ni Mama Buni. Kushoto kwake hukaa Jumbe, Mtanga mwenzake, muuza mikanda na chaja za simu, anayeitwa Waziri kwa sababu ana majibu mengi na kazi chache. Kulia hukaa Alexis, fundi umeme kutoka Lubumbashi, anayeitwa Volti. Katikati hukaa Papa Ruphin, mzaliwa wa Fizi, nchi moja na Alexis, mlinzi wa usiku kwenye ghala la vigae, ambaye mwaka huu, akiwa na miaka hamsini na minne, amejifunza kusoma na kuandika. Yeye wamempa jina la Silabi. Na nyuma ya benchi, ng'ambo ya uzio wa waya, kuna kipande cha ardhi kisichozidi chumba kimoja cha kupanga, na ndani yake kuna mahindi ya Papa Ruphin, ambayo alasiri hiyo ya Alhamisi, mwisho wa Novemba, yalikuwa yameleta kesi.

— Yametoka mengi, — alisema Waziri huku akipuliza kikombe. — Mengi ni neema. Unalia nini, Silabi?

— Neema wapi, Bwana Jumbe? Geuka uangalie. Shimo moja, miche sita! Membamba kama njiti za kiberiti. Hayajafika hata goti, majani ya chini yameshakuwa manjano.

— Umoja ni nguvu.

— Umoja gani huo wa kunyang'anyana?

Papa Ruphin hakucheka. Asubuhi, aliporudi kutoka lindo, alimkuta mzee Mreno mwenye nyumba amesimama uzioni, mikono nyuma, anatazama. Mzee huyo alimpa kile kipande bure, kwa moyo mweupe, akasema tu kwamba naye angependa kabla hajafa achome hindi lililoota nyuma ya nyumba yake. Sasa alimuuliza taratibu, rafiki yangu, haya ni mahindi au ni nyasi? Na kabla Papa Ruphin hajapata neno, akaongeza kwamba Jumamosi anakuja mtu wa mashine ya kukatia nyasi. Kama mahali patakuwa bado hivi, basi apitishe tu mashine, kisha wamwage sementi, magari yapate pa kulala.

Lakini kilichomnyima Papa Ruphin usingizi mchana kutwa hakikuwa sementi. Kilikuwa kipande cha boksi.

Mwezi wa kumi, mvua ya kwanza ilipopiga, yeye alikuwa amemaliza kusoma kijitabu cha kilimo cha mahindi alichopewa na mwalimu Jocelyne wa darasa la Jumamosi. Kurasa ishirini na nne. Kitabu cha kwanza maishani mwake kukisoma mwenyewe kutoka jalada mpaka jalada, bila mtu kumshika mkono. Alipima kwa kamba yenye mafundo kama kitabu kilivyoagiza: mstari na mstari, sentimita sabini na tano, shimo na shimo, sitini. Akachimba mashimo arobaini. Alipotaka kutia mbegu, saa ya kazi ikamkuta na udongo mikononi, teksi, daladala ya huku, inapiga honi kwenye kona. Akachukua kalamu nene, akaandika maelekezo kwenye kipande cha boksi, akakifunga uzioni, akaacha kopo la mbegu chini yake. Akapita mbio mbele ya benchi. "Jamani, mnimalizie, nimeandika kila kitu!" akapiga kelele, akadandia teksi.

Ilikuwa mara ya kwanza mkono wake kuandika kitu kwa ajili ya watu wengine. Kesho yake mchana alipopita, alikuta mashimo yote yamefukiwa vizuri. Akamshukuru Mungu, akalala. Wiki ile ile mvua ikalilainisha boksi, upepo ukalichukua.

Kitabu kilisema punje mbili. Hilo alikuwa na hakika nalo, amelisoma mara ishirini. Lakini miche ilikuwa sita, basi kosa lilikuwa la mkono. Unaposoma peke yako ukakosea, hakuna aliyekuona. Ukiandika, unakosea mbele za watu. Na kosa lake yeye lilikuwa limeota, tena kwa mistari minne, kila mpita njia analitazama. Alikuwa ameshaamua moyoni: kama ni mkono wake ulioandika vibaya, Jumamosi daftari analirudisha kwa mwalimu Jocelyne, na kalamu juu yake. Kuwauliza wenzake "niliandika nini?" hakuthubutu. Wangecheka mpaka Krismasi.

— Écoute, papa, — Volti aliweka kikombe chini, akainua kidole juu. — Mi minakwambia kitu ya kweli. Angalia pale. Nini ile?

— Nyaya za umeme.

— Voilà. Mahindi iko chini ya courant. Courant inavuta. Umeme ikikatika, mahindi inapumzika, inatoa mche mupya. Umeme ikirudi, inashtuka, inaruka juu. Inakatika, inatoa mwingine. Inarudi, inaruka. Hesabu wewe mwenyewe umeme imekatika mara ngapi tangu mwezi ya kumi. Utapata sita!

— Mbona mimi naketi chini ya waya huo huo mwaka wa saba huu, — alisema Mama Buni, — na sijarefuka? Wala huo wembamba siuoni.

— Wewe, Maman, unavaa ndala. Mpira haipitishe.

Benchi lilitikisika kwa kicheko. Hata Papa Ruphin mdomo ulimponyoka kidogo, akaurudisha.

— Mwacheni huyo na nyaya zake, — Waziri alijisogeza mbele kama mtu anayefungua kikao. — Sikizeni, sababu haiko juu, iko chini. Mji huu, yakhe, ni wa nini?

— Wa teksi, — alisema Mama Buni.

— Wa dhahabu! Wamechimba miaka mia na ushei. Huku chini ni mashimo matupu, sisi tumekaa juu ya andazi. Sasa mzizi wa hindi unashuka, unatafuta udongo, unakuta hewa. Utafanyaje? Unaogopa! Unageuza, unarudi juu, unachomoza kama mche mwingine. Unajaribu tena, hewa tena. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Methali hiyo inahusu jahazi, Waziri.

— Inahusu mizizi pia. Wewe kahawa inakuchosha akili.

— Mimi nawaambia la kweli, na mkitaka mchukie, — Mama Buni alimimina, akapokea kikombe kitupu, akakisuuza. — Mbegu hii Papa Ruphin kainunua wapi? Mjini. Kwa Wahindi wa jumla. Basi! Hii ni mbegu ya mjini, na cha mjini kimezoea kubanana. Nendeni hapo Rosettenville mfungue mlango wowote: chumba kimoja, pazia katikati, watu sita. Hindi nalo limezaliwa humo humo. Ukilipatia shimo zima peke yake linaona upweke, linaita ndugu zake.

— Linawaita kwa simu?

— Linawaita kwa roho, Volti. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Walikuwa wamechangamka kuliko siku zote, Papa Ruphin aliliona hilo. Waziri alikuwa ameshakunywa vikombe vitatu bila kuuliza bei ya mikanda mjini. Mama Buni alikuwa amemgawia kashata ya bure, jambo ambalo kwa kawaida hulifanya Idi tu. Na kila mmoja, akimaliza nadharia yake, alikuwa anamtupia jicho la pembeni, halafu anatazama robot iliyokufa. Wananihurumia, aliwaza. Wanajua nilichoandika, wanakificha.

Basi akaingiza mkono kwenye koti la kazi, akatoa kile kijitabu. Kilikuwa kimekunjwa katikati, pembe zimeliwa.

— Eish, — alisema Waziri. — Mama Buni, ongeza mkaa. Silabi akianza kusoma tutafunga hesabu ya mwaka hapa hapa.

— Nisikilizeni tu.

— Tukusikilize mpaka lini? Mimi nitaenda nyumbani nikaoge, nikirudi utakuwa kwenye neno la pili.

Papa Ruphin aliweka kidole chini ya mstari, kama alivyofundishwa. Magari yalipita, gari moja la mizigo likapiga honi, yeye hakuinua macho.

— "Jani ni jiko la mmea, — alisoma. — Mwanga wa jua ndio moto wake. Pasipo mwanga, jani halipiki chakula, hata kama kuna maji na mbolea. Mimea ikibanana mno, majani ya juu huyafunika ya chini. Yaliyofunikwa hugeuka manjano. Kila mmea hukimbilia juu kuutafuta mwanga, na nguvu yake yote huishia kwenye kimo. Huwa mrefu na dhaifu, upepo huuangusha. Ukizaa, huzaa gunzi lenye punje chache; na mwingine hauzai kabisa."

Alifunga kijitabu. Wote walikuwa wanamtazama, akadhani ameruka mstari.

— Wewe, — alisema Waziri polepole. — Hukusita hata mara moja.

— Ata kwa "mbolea" hakusita, — alisema Volti. — Mi nilimungojea pale.

— Nimelisoma mara nyingi, — Papa Ruphin alisema, na mashavu yalimpanda moto. — Lakini mmesikia? Si nyaya, si dhahabu. Ni jua. Jua linashuka hapa kwa kipimo kimoja tu. Fikirini ni sinia la ugali, liko katikati. Wakikaa wawili, wanashiba, wananenepa. Wakikaa sita, wanarefusha mikono. Mwenye mkono mrefu anakula, wengine wanalamba sinia, na huyo wa mkono mrefu naye hashibi, maana kutwa nzima anashindana.

— Basi dawa rahisi, — alisema Mama Buni. — Ng'oa yote, ubakishe moja katikati. Lile jua lote, linenepe liwe kama mnazi, umkatie Mreno kwa shoka.

— Hapana, Maman, hilo nalo kitabu kimelikataa. Ukurasa wa kumi na moja. Ukipanda machache mno, jua linaanguka kwenye udongo mtupu. Jua la bure, limefika, hakuna jani la kulipokea, linalipokea gugu. Unapata hindi moja nene na shamba lililojaa magugu. Kinachotakiwa ni kwamba siku ya mahindi kutoa nywele, ukisimama hapo ukatazama chini, usione udongo unang'aa, na usione jani limezikwa chini ya jani. Hapo jua lote limepata kazi.

— Jua la hapa Joburg lenyewe linakwepa, — alisema Waziri, aliyekuwa hajazoea kukaa bila neno. — Kwetu linapita utosini. Hapa linapita upande wa kaskazini, kama teksi inayokimbia polisi.

— Ndiyo maana tusilipoteze! Mvua ya jana imelainisha udongo. Leo ndiyo siku. Kila shimo tung'oe manne, tubakize mawili. Yapumue. Jumamosi Mreno akija, aone mistari.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza kweli.

— Kung'oa chakula? — Waziri alisimama. — Chakula kilichoota? Kwetu Handeni mtu akikuona unang'oa hindi bichi anakwenda kumwita shehe akusomee. Haraka haraka haina baraka, bwana. Yaache yapigane yenyewe. Atakayeshinda ndiye hindi.

— Kitabu kinasema hakuna anayeshinda.

— Kitabu kimeandikwa na mtu aliyeshiba! Mia na sitini, Silabi. Manne mara arobaini. Unataka kuua mahindi mia na sitini mchana kweupe mbele ya benchi la kanisa?

— Mi minasema tungoje, — alisema Volti, akikwaruza mbao kwa kucha. — Pengine ni mbegu... pengine ni kitu mutu alifanya, bila kujua. Tusiguse.

— Kitu gani mtu alifanya? — aliuliza Papa Ruphin.

— Hapana, minasema tu. Pengine.

— Hata mimi nasema tungoje, — Mama Buni alidakia haraka. — Wewe ongeza maji tu. Haba na haba hujaza kibaba.

Papa Ruphin aliwatazama mmoja mmoja. Alitaka kuwaambia basi, semeni, niliandika sita, semeni tumalize. Badala yake akanywa kahawa iliyokuwa imeshapoa.

Wakati huo ndipo mwanamke mmoja mwenye kitambaa cha kijani kichwani aliposimama mbele ya benchi, kikapu cha nywele za kusuka mkononi. Alikuwa amehamia Jumatatu kwenye chumba kimoja cha nyuma mtaani hapo, na wote walikuwa wamemwona akipita ila hakuna aliyemjua jina.

— Jambo, wababa. Jambo, Mama. Mimi ni Héritière, natokea mji wa Baraka. Kahawa iko?

— Iko, mwanangu, karibu sana, — alisema Mama Buni, akifurahi kupata mahali pa kugeuzia uso. — Sogeeni, mgeni akae.

Baraka! Papa Ruphin alimpa kikombe mwenyewe, maana kutoka Baraka mpaka kwao Fizi ni umbali wa kusikia jogoo. Lakini Héritière hakukaa. Alikwenda uzioni na kikombe chake, akachungulia, akachuchumaa, akapitisha vidole kwenye waya na kushika shina moja. Alitazama kwa muda, kama mtu anayetazama nywele za kichwa alichoitwa kusuka.

— Haya mashimo yamepimwa vizuri, — alisema. — Nani alichimba?

— Mimi, — alisema Papa Ruphin.

— Na nani alipanda?

— Niliwaomba watu wanimalizie. Nilikuwa nakimbilia kazi.

— Ulimuomba nani?

Papa Ruphin alijiona tena siku ile, anapita mbio mbele ya benchi, mikono ina udongo, anapiga kelele: Jamani. Alimwomba nani? Alimgeukia Waziri. Waziri alikuwa anatazama ndani ya kikombe kitupu kana kwamba kuna mtu amezama humo. Volti alikuwa anafunga kamba za viatu visivyo na kamba. Mama Buni alikuwa anamimina kahawa, na kahawa ilikuwa imeshajaa kikombe, inamwagikia kidoleni, inaingia kwenye mkaa, inachemka, shwaaa.

— Haki ya Mungu siwezi tena, — Mama Buni aliweka birika chini kwa kishindo. — Ni mimi! Papa Ruphin, nisamehe, ni mimi niliyekuharibia shamba. Nilipanda peke yangu, kesho yake saa nne asubuhi, nilipoona mvua ya usiku imeyafukia mashimo. Nilitia punje mbili tu kama ulivyoandika, naapa, lakini kila shimo nilisoma Bismillahi mara tatu. Miche ilipotoka sita sita, nikajua dua imezidi kipimo. Mwezi mzima sijalala vizuri!

— Kama nilivyoandika... — Papa Ruphin alisema. Sauti ilikuwa ndogo. — Niliandika nini, Mama Zubeda?

— Si uliandika "punje mbili kila shimo". Umesahau maandishi yako mwenyewe?

— Wewe mwanamke unasema uongo! — Waziri aliruka. — Umepanda saa ngapi? Wapi? Nilipanda mimi! Jioni ile ile, baada ya magharibi, kabla mvua haijapiga. Nilisoma boksi kwa tochi ya simu: punje mbili. Nikatia mbili. Lakini kulikuwa na giza, nikawa na wasiwasi labda vidole vimeshika zaidi, na kila nikipita hapa naona sita, najisemea Jumbe, macho yamekwisha, nenda ukapimwe!

— Mais non! Mais non! — Volti alikuwa amesimama juu ya benchi kabisa. — Ni mi nilipanda! Saa kumi na moja ya asubuhi, nikienda kazi. Mvua ilipiga usiku, nikakuta mashimo yamejaa udongo, nikasema maskini ya papa, mvua imemuharibia kazi. Nikafungua kila moja kwa kidole, nikaweka mbili. Mbili, sawa vile boksi inasema! Yalipotoka sita nikasema Alexis, ni ile mikono yako, kutwa iko mu courant...

Wakageukiana wote kwa mpigo mmoja.

— Mbili, — alisema Héritière kutoka uzioni.

— Mbili, — alisema Volti.

— Na mbili, — alisema Mama Buni, na mkono ukaenda mdomoni.

Papa Ruphin alikaa. Hapakuwa na haja ya kukaa, alikuwa ameshakaa. Lakini alikaa upya, uzito wote. Waziri alianza kusema jambo, akamzuia kwa kiganja.

— Mama Zubeda. Ngoja kwanza. Boksi. Lilisomeka vizuri?

— Lilisomeka, baba. Herufi kubwa kama za bango la polisi.

— "Mbili" yote?

— Yote. M, B, I, L, I.

— Na wewe, Volti? Hukubahatisha?

— Kubahatisha nini? Ilikuwa clair. Mustari ya pili ilishuka kidogo kule mwisho, sawa barabara ya kwenda mjini. Lakini clair.

— Hata gizani nimeisoma, — alisema Waziri. — Kwa tochi inayokufa. Ndiyo nakuambia.

Papa Ruphin alianza kucheka. Kicheko kilitoka chini tumboni, kikamtikisa mabega, kikamtoa machozi. Watu watatu! Mmoja jioni kwa tochi, mmoja alfajiri, mmoja saa nne, hakuna aliyemjua mwenzake, na wote watatu wamesoma kitu kimoja kile kile kutoka kwenye mkono wake. Hata hindi lenyewe limetii. Alimshika Waziri kichwa, akambusu utosi, Waziri akapiga kelele kwamba kofia inachafuka.

— Huyu amepata kichaa, — alisema Waziri. — Shamba limeharibika, yeye anatubusu.

— Limeharibika wapi? Saa ngapi sasa?

— Saa kumi kasoro.

— Teksi yangu ni saa kumi na moja na nusu. Twendeni! Mama Zubeda, acha birika!

— Nani atalinda kahawa?

— Mungu. Umemsomea Bismillahi mia moja na ishirini, anakujua.

Wakapita kwenye tundu la uzio mmoja mmoja, Mama Buni akishikilia mtandio, Volti akimwinulia waya. Udongo ulikuwa laini, mweusi, unashika viatu. Héritière alivua vyake, akawaonyesha: weka nyayo hapa karibu na yale ya kubaki, yasitikisike mizizi, lile la kutoka shika chini kabisa, vuta taratibu, usikate. Papa Ruphin alisimama juu yao na kijitabu kimefunguliwa ukurasa wa kumi na nne, akihakikisha.

— Sawasawa, — alisema. — Ndivyo ilivyoandikwa.

— Sawa, lakini tukubaliane, — alisema Waziri, mikono kiunoni. — Yanayobaki ni yangu. Mimi ndiye niliyetangulia. Haya mengine yamekuja yamekuta watu.

— Ati nini? — Mama Buni alimgeukia. — Yangu ndiyo yenye dua! Ukiyang'oa yangu utajibu mwenyewe kwa Mola wako.

— Wewe ulikuja wa mwisho kabisa, saa nne, jua limeshapanda!

— Mi nilipanda kwa kidole, — alisema Volti, — ndani ndani kabisa. Yangu ndiyo iko na mizizi. Yenu ni ya juu juu, ya watalii.

— Watalii! Sikieni mtu wa Lubumbashi! Hindi langu mimi limeingia ardhi hii wa kwanza, lina haki zake!

— Lina karatasi za uhamiaji? — aliuliza Volti.

Walikuwa wanabishana hivyo, wameinama, vichwa vinakaribia kugongana, na Papa Ruphin bado anacheka, anafuta macho kwa pindo la koti, jua la alasiri linapenya ubavuni mwa uzio na kuwapiga migongoni. Héritière alikuwa ameshachuchumaa kwenye shimo la kwanza. Alikusanya miche yote sita kiganjani, akaitenganisha kwa vidole, mmoja mmoja, kama anayegawa nywele. Ilikuwa na kimo kimoja, na wembamba mmoja, na manjano yale yale chini. Akashika hindi mojawapo shingoni, akainua uso.

— Hili ni la nani? — aliuliza.

Waziri aliinama zaidi. Volti akapiga magoti. Mama Buni alitazama, akatazama tena kwa upande wa pili.

Waziri alinyoosha kidole, akakirudisha. Héritière akaling'oa, akaliweka kando, akashika la pili.

— Na hili?